Udongo Mweusi wa Mbugani: Tuujue Kabla ya Kuulima



Swali ambalo halikosi mikutanoni hapa Hewani ni hili: mbona mahindi yanasitawi kandokando ya mto, lakini ukiingia mbugani hatua mia chache tu yanadumaa na kugeuka manjano? Wengine husema ardhi ile imechoka, wengine kwamba ina chumvi. Mara nyingi si hivyo wala si vile. Ule ni udongo wa aina nyingine kabisa, na kikundi kikitoa pesa za wanachama kwa mbegu na trekta kabla ya kuujua, pesa hizo huenda zisirudi.

Tuanze na mto wenyewe. Tana unatoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ukitembea karibu kilomita 1,000 mpaka Bahari ya Hindi. Unapofurika, maji yakishavuka ukingo hupunguza mwendo. Mzigo mzito, yaani mchanga na tope la chembe kubwa, huanguka papo hapo. Chembe ndogo kabisa za mfinyanzi huendelea na maji mpaka kule yanakotuama, na huko hutulia polepole. Mafuriko juu ya mafuriko, ukingo ukainuka na kubaki mwepesi, mbuga ikabaki chini na kuwa nzito.

Udongo wa ukingoni wataalamu huuita fluvisoli, yaani udongo wa mto. Alama yake ni matabaka. Chimba shimo uone: tabaka la mchanga, la tope, tena la mchanga, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Maembe, ndizi na mahindi hupenda hapo kwa sababu mizizi inapata hewa.

Ule mweusi wa mbugani huitwa vertisoli. Jina linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kugeuza, na kweli udongo huu hujigeuza wenyewe. Mfinyanzi wake ni wa aina inayovimba ikinywa maji na kunywea ikikauka. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono mzima unaingia. Udongo wa juu huangukia ndani ya nyufa. Mvua ikija, wa chini unavimba, unakosa nafasi, unasukuma kwenda juu. Ndiyo sababu mbuga ina vijilima na vishimo hata pale ambapo hapajawahi kulimwa. Ukichimba kama nusu mita hivi utakuta mabonge yenye nyuso laini zinazong'aa, kama zimepigwa msasa. Hapo udongo umesuguana na udongo. Ili uitwe vertisoli lazima uwe na mfinyanzi usiopungua asilimia 30, na nyufa zinazofunguka na kufunga kufuatana na majira. Rangi peke yake haitoshi, jamani. Kuna udongo mweusi mwingi usiokuwa huu. (Na neno letu “mbuga” liliingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930, kwa udongo huuhuu.)

Je, ni udongo mbaya? Hapana. Una chokaa ya kutosha na hushika maji sana, ingawa naitrojeni na fosforasi mara nyingi ni haba. Taabu iko kwenye kulima. Ukikauka ni jiwe, jembe linaruka. Ukilowa unanata mpaka mguu hautoki. Siku za kuulima ni chache mno katikati ya hali hizo mbili, na kikundi kinachongoja zamu ya trekta huzikosa. Mahindi nayo hufa kwa kukosa hewa maji yakituama, ndiyo ule umanjano. Mpunga hauna shida hiyo. Mradi wa Mwea, ulioanza miaka ya 1950 juu huko kwenye vijito vinavyoingia Tana, sehemu yake kubwa iko juu ya udongo wa namna hii. Mwenye kutaka mahindi au pojo mbugani apande juu ya matuta mapana yenye mifereji ya kutoa maji katikati.

Aina ya tatu ndiyo ya kuogopa. Huitwa soloneti, nayo hupatikana zaidi nje ya eneo la mafuriko. Chini ya udongo wa juu kuna tabaka gumu lenye sodiamu nyingi, na maji hayapiti. Mradi wa Bura umesumbuka na udongo wa chini wenye chumvi na sodiamu. Kuutibu kunahitaji jasi, maji safi mengi na mifereji, gharama ambayo kikundi cha kijiji hakiwezi.

Upimaji wa kwanza hauhitaji pesa. Chimba shimo la mita moja. Lowesha udongo kidogo, viringisha uwe mwembamba kama penseli, kisha uukunje kama pete. Ukikatika, mchanga au tope ni jingi. Pete ikikaa bila ufa, ni mfinyanzi. Halafu chukua kibonge kikavu cha udongo wa chini, kitie taratibu ndani ya gilasi ya maji ya mvua, usikoroge. Kikimomonyoka vipande vipande na maji yakabaki safi, si neno. Lakini maji yakigeuka kama maziwa kuzunguka kibonge, shuku sodiamu. Msitumie maji ya kisima, kwa maana chumvi yake huficha dalili. Mkishuku, pelekeni sampuli maabara ya KALRO, Kabete, kupitia kwa afisa wa kilimo, kabla ya kulipia chochote.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu mbuga. Kwa kuwa mfinyanzi ule hushika unyevu, nyasi hukaa hai pale nyika ikiwa imeungua, na ndipo ng'ombe wa Waorma na Wawardei hushuka. Kwa hiyo ekari zinazoonekana tupu mwezi wa Januari si tupu. Ugomvi wa mwaka 2012 hapa Delta, watu zaidi ya 100 wakafa, ulihusu pia ardhi, maji na malisho. Kikundi kinachotaka kulima mbuga kikae kwanza na wazee wa wafugaji, njia za kwenda majini zibaki wazi.

Mwisho, wanaojenga. Nyumba na vyoo viwekwe ukingoni au mahali palipoinuka. Juu ya udongo unaopasuka, msingi mfupi hupasuka nao, na shimo la choo lisilojengewa ukuta huporomoka mvua za kwanza.