Mbona Sista Amekauka Uso?

Hapa kwetu Kehancha, ukikaa kwenye foleni ya hospitali hukosi kusikia, "Aa, manesi wa siku hizi hawana huruma!" Mimi nasema wanayo, ila imetumika kupita kiasi. Hali hiyo huitwa uchovu wa huruma, na muuguzi wa Marekani, Carla Joinson, aliandika juu yake mwaka wa 1992.

Si uchovu wa kulima tumbaku, ambao ukilala unaisha. Huu hutokana na kubeba uchungu wa wengine kila siku bila nafasi ya kuutua. Mwanzoni muuguzi hulia pamoja na jamaa za mgonjwa. Baadaye machozi hayaji. Usingizi unakuwa wa mang'amung'amu, hasira inawaangukia wasio na kosa, na mgonjwa anageuka kuwa kitanda nambari sita tu. Moyo unajikinga, kama kiganja kinavyoota sugu kwa mpini wa jembe.

Korona ilizidisha mambo. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Jamaa walipozuiwa kuingia wodi za Korona, muuguzi akawa ndiye nesi, ndiye mama, ndiye wa kushika mkono wa anayekata roho. Na hofu je? Julai mwaka huo Daktari Doreen Lugaliki alifariki Nairobi, daktari wa kwanza nchini kuuawa na Korona. Shangazi yangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa akitoka zamu anavua nguo nje, anaoga, halafu anakula peke yake. Siku moja mwanawe mdogo alimkimbilia, naye akarudi nyuma. Aliniambia hilo lilimuuma kuliko kuvaa barakoa kutwa. Majirani nao, si mnawajua! Walianza kupita njia nyingine.

Tarehe 7 Desemba 2020 wauguzi waligoma, wakidai vifaa vya kujikinga, bima, marupurupu ya hatari na kuajiriwa kwa wenzao zaidi. Watu wakasema ni tamaa ya pesa. Sikubaliani nao. Anayeangalia wodi nzima peke yake usiku kucha, ukimwambia "jipe moyo" umemsaidia nini?

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba Korona si dharura ya ulimwengu tena, lakini uchovu huu hauondoki kwa tangazo. Unataka watu wa kutosha kwenye zamu, likizo ya kweli na mahali pa kusemea. Mgonjwa akifariki, hata dakika kumi za wauguzi kuketi pamoja husaidia, kila mmoja aseme lililomkaa moyoni bila kuchekwa.

Nanyi wa Kidato cha Nne mnaotaka kusomea uuguzi, ulizeni mapema kama chuo mnachokichagua kinalifundisha jambo hili.