Walohana wa Mwambao wa Ziwa: Asili Yao na Koo Zao

Walohana ni jamii ya wafanyabiashara waliotokea Sindh, Kutch na rasi ya Kathiawar, kaskazini magharibi mwa Bara Hindi. Mwanza, Musoma, Bukoba na hata visiwani Ukerewe, watu wengi wamezoea kuwaita Wahindi tu, wakiwachanganya na Wapatel, Makhoja, Mabohora na Masingasinga waliofungua maduka mtaa mmoja nao. Jina hilo moja limefunika jamii nyingi, kila moja na dini yake, mapokeo yake na kanuni zake za kuoana. Walohana wanastahili kuelezwa peke yao kwa sababu mbili. Kwanza, miongoni mwao walitoka baadhi ya wafanyabiashara wakubwa kuliko wote waliopata kuonekana katika bonde la Ziwa Viktoria. Pili, majirani zao kadhaa walio Waislamu, hasa Makhoja na Wamemoni, wanatajwa katika mapokeo kuwa ni matawi ya shina hilohilo.

Kwa mapokeo yao wenyewe, Walohana ni uzao wa Lava, mmoja wa wana wawili wa mfalme Rama anayesimuliwa katika utenzi wa Ramayana. Ndiyo maana hujiita pia Waraghuvanshi, yaani watu wa nasaba ya Raghu, mmoja wa mababu wa Rama. Mji wa Lahore, ulioko Pakistani ya leo, husemwa uliasisiwa na Lava, na Walohana huutaja kama kitovu chao cha zamani. Masimulizi haya ni ya nasaba na heshima. Hayawezi kupimwa kwa nyaraka. Lakini yanaeleza jambo moja ambalo mgeni hulishangaa: kwa nini watu walioishi kwa mizani na daftari hujihesabu kuwa wa tabaka la wapiganaji na si la wachuuzi. Wao husema kwamba mababu zao waliacha upanga baada ya falme zao kuanguka, wakashika biashara ili waishi.

Shujaa wao mkuu ni Dada Jashraj. Inasimuliwa kwamba siku ya harusi yake, akiwa bado katika mavazi ya bwana arusi, aliletewa habari kuwa wavamizi wanaswaga ng'ombe. Aliondoka kwenye sherehe, akawafuata, akauawa vitani. Mpaka leo Walohana humkumbuka na kumwomba baraka. Kwa msomaji wa Kanda ya Ziwa, ambako ng'ombe wamepiganiwa sana na ambako masimulizi ya ukoo huanza na babu aliyefanya jambo la ushujaa, kisa hiki si kigeni hata kidogo.

Sehemu ya historia iliyo wazi zaidi inaanza Sindh, katika bonde la mto Indus. Huko Walohana walikuwa wengi: wengine wachuuzi, wengine makarani na watumishi wa watawala. Huko pia ndiko lilikotokea jambo lililogawanya jamii kwa dini. Kwa mapokeo ya Makhoja, Pir Sadruddin, mhubiri wa Kiismaili, aliwaingiza Walohana wengi katika Uislamu na kuwapa cheo cha heshima kilichozaa jina la Khoja. Wamemoni nao husimulia kwamba mwanzoni mwa karne ya 15, katika mji wa Thatta, mkuu mmoja wa Walohana aitwaye Manekji alisilimu pamoja na familia 700. Kadiri vizazi vilivyopita, wengi wa hawa na wa waliobaki Wahindu walihamia kusini, Kutch na Kathiawar, na kutoka bandari za huko wakaelekea Afrika ya Mashariki.

Kubadili dini hakukufuta mila. Mwaka 1847 mahakama ya Bombay ililetewa kesi za mirathi za Makhoja na Wamemoni. Mabinti walidai sehemu yao kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, na upande wa pili ukajibu kwamba jamii hizo tangu zamani zilirithishana kwa desturi ya Kihindu, ambayo haikumpa binti fungu. Jaji Erskine Perry aliamua kwamba desturi ifuatwe. Uamuzi huo uliwaumiza wanawake, na jambo hilo halipaswi kupambwa. Lakini kwa mwanahistoria ni ushahidi mzito. Unaonyesha kwamba karne nne baada ya kusilimu, jamii hizo zilikuwa bado zinagawana mali kama ndugu zao Walohana.

Walohana waliobaki Wahindu waligawanyika kwa maeneo. Wahalai ni wa Halar, eneo la Jamnagar. Wakutchi ni wa Kutch. Waghoghari ni wa upande wa Ghogha na Bhavnagar. Zamani mtu wa tawi moja alioa au kuolewa ndani ya tawi lake, na mipaka hiyo imelegea pole pole. Wamemoni nao wana Wahalai na Wakutchi wao, kwa sababu walipita njia zilezile na kukaa maeneo yaleyale.

Chini ya tawi kuna nukh, na hapa ndipo ulipo uti wa mgongo wa jamii nzima. Nukh ni ukoo unaofuata upande wa baba. Majina ya ukoo yaliyo maarufu Afrika ya Mashariki, kama Kotecha, Chandarana, Ruparelia, Raichura, Sodha, Ganatra, Pabari na Kotak, ni ya koo hizo. Jina jingine, Thakkar au Thakrar, limeenea sana na hapo zamani lilikuwa zaidi cheo cha heshima. Kanuni kuu ya nukh ni moja: wana wa nukh moja ni ndugu, hawaoani, hata kama hakuna anayeweza kumtaja babu waliyechangia. Kwa hiyo Mlohana alitakiwa kuoa ndani ya jamii yake lakini nje ya ukoo wake. Mkerewe anaujua mpango huu bila kufundishwa. Ukerewe nako ukoo hufuata baba, una mwiko wake, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Hata Wasilanga, ukoo uliotawala kisiwa hicho, walitafuta wake nje ya ukoo wao.

Kila nukh ina mungu wake wa kike anayeulinda ukoo, aitwaye kuldevi, na mahali pake pa ibada kule Kutch, Kathiawar au Sindh. Desturi huwataka bwana arusi na bibi arusi waende kutoa heshima kwa kuldevi wa ukoo wa mume, na mtoto wa kiume apelekwe kunyolewa nywele za kwanza. Mwanamke aliyeolewa huingia katika nukh ya mumewe na kuanza kumheshimu kuldevi wa huko. Familia zilizohamia Afrika hazikuweza kusafiri kila mara, hivyo ziliweka picha ya kuldevi katika chumba cha ibada nyumbani, zikampikia chakula maalumu wakati wa Navratri, sikukuu ya siku tisa. Wale walioweza kurudi India waliitumia safari hiyo kutimiza nadhiri zilizokuwa zimerundikana kwa miaka.

Kwa ibada za kila siku, wengi wao ni wafuasi wa Krishna. Lakini mtakatifu wanayemwona wao hasa ni Jalaram wa Virpur, aliyezaliwa 1799 katika familia ya Kilohana na kufariki 1881. Alianza kuwalisha wasafiri na maskini mnamo 1820, na jiko lake halijazimwa hadi leo. Hekalu la Virpur liliacha kabisa kupokea sadaka mwaka 2000, na bado linalisha kila anayefika. Ni vigumu kuelewa kwa nini Walohana wa Afrika ya Mashariki huchangia sana chakula, zahanati na shule bila kumjua mtu huyu.

Mambo ya pamoja huendeshwa na mahajan, baraza la jamii katika mji. Baraza hilo hutunza ukumbi wa harusi na misiba, husuluhisha magomvi, na zamani liliweza hata kumtenga mtu. Mfanyabiashara aliyekataa kulipa deni la ndugu yake alijua kwamba habari hizo zitafika kwenye baraza, na kwamba binti yake atakosa mchumba. Hilo lilikuwa na nguvu kuliko hati yoyote. Mwaka wa biashara nao ulifungwa kwa ibada: usiku wa Diwali daftari mpya zilibarikiwa mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema, na baada ya hapo hesabu za mwaka mpya zikafunguliwa.

Mfumo huu wa koo ndio uliowafikisha Ziwani. Njaa kali ya 1899 na 1900 iliyoipiga Gujarat iliwasukuma vijana wengi baharini wakati uleule ambapo Reli ya Uganda ilikuwa inakaribia kukamilika. Ilifika Kisumu 1901, na meli zake, kama Winifred na Sybil, zikaanza kuzunguka bandari za Ziwa, pamoja na Mwanza iliyokuwa chini ya Wajerumani. Reli ya kutoka Tabora haikufika Mwanza hadi 1928, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 20 mizigo ya mkoa huu, ngozi, karanga, mchele, samli na baadaye pamba, ilipitia Kisumu na Mombasa. Maduka yakafuata meli. Njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa na Makhoja: Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, aliyekufa 1897, na Alidina Visram, aliyetoka Kutch akiwa mvulana na kuwa na matawi kuanzia pwani hadi Uganda.

Kijana wa Kilohana aliitwa na baba mdogo au mjomba. Alilala dukani, akajifunza mizani, Kiswahili na hesabu za Kigujarati, na baada ya miaka kadhaa akapewa mali kauli: kaniki, merikani, chumvi, sabuni na mafuta ya taa, alipe akishauza. Hivyo duka dogo la Nansio, kisiwani Ukerewe, lilisimama juu ya mkopo wa mfanyabiashara wa jumla wa Mwanza, naye alisimama juu ya mkopo wa Mombasa au Zanzibar. Dhamana yao ilikuwa nasaba. Nanji Kalidas Mehta, mzaliwa wa Gorana karibu na Porbandar, alianza hivyo kwa duka dogo Uganda na kufungua kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924. Muljibhai Madhvani, aliyefika 1908 na kufanya kazi katika kampuni ya jamaa zake, Vithaldas Haridas, alianzisha sukari ya Kakira mwaka 1930. Wote wawili walikuwa Walohana, na wote wawili walipitia kwenye pamba.

Uaminifu wa ndani ya ukoo, hata hivyo, ulimwacha nje asiye wa ukoo. Mfanyabiashara Mwafrika hakupata mali kauli kwa masharti yale, na mkulima wa pamba wa Usukuma na Ukerewe alilalamikia mizani ya wanunuzi. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Ndiyo yaliyozaa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 Paul Bomani na wenzake waliunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililochukua ununuzi wa pamba na kujipatia viwanda vyake vya kuchambulia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara ya jumla iliingia mikononi mwa serikali. Mwaka 1971 majumba ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi. Walohana wengi wa Kanda ya Ziwa walihamia Dar es Salaam, Uingereza na Kanada. Wale wa Uganda walikuwa wamekwisha kufukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, ingawa familia za Mehta na Madhvani zilirudi baadaye kufufua viwanda vyao.

Jamii ilitawanyika lakini koo hazikufa. Leicester, mji wa Uingereza uliopokea wengi waliotoka Afrika ya Mashariki, una baraza la Walohana kama lilivyo la Dar es Salaam, na posa inapoletwa, wazee wa pande zote mbili bado huuliza nukh ya kijana na ya binti kabla ya kuendelea na mazungumzo.