Fundi wa redio aliyeikabili saratani

John Kanzius wa Erie, Pennsylvania, hakusomea udaktari. Alikuwa fundi wa redio aliyefikia kumiliki vituo vya utangazaji. Mwaka 2002 aligundulika kuwa na saratani, na akiwa hoi kwa dawa za tibakemikali alianza kuunda mtambo nyumbani, tena kwa sahani za kuokea za mkewe. Wazo lake lilikuwa hili: uvimbe ukitiwa chembe ndogo mno za metali, mawimbi ya redio yatazipasha moto na kuua saratani bila kuumiza nyama inayouzunguka.

Wapo wanaomwona mbabaishaji kwa kuwa hakuwa na shahada. Wanakosea, maana wazo hilo lilikuwa na mizizi: mawimbi ya redio hupenya mwilini, na madaktari walikwisha kuunguza uvimbe wa ini kwa sindano inayopitisha umeme wa masafa ya redio. Kanzius alitaka kuiondoa sindano. Zaidi ya hayo, alikubali wengine waupime mtambo wake, jambo ambalo mbabaishaji hulikwepa. Mwaka 2007 kundi la Steven Curley, daktari wa upasuaji wa kituo cha saratani cha M.D. Anderson, Houston, lilichapisha majaribio ya sungura: uvimbe wa ini uliotiwa vijineli (mirija midogo mno) vya kaboni badala ya metali, kisha ukapigwa mawimbi ya 13.56 MHz ulikufa. Hata hivyo, vijineli hivyo vilidungwa ndani ya uvimbe wenyewe, kwa hiyo sindano ilikuwa bado ipo. Saratani iliyosambaa haina mahali pamoja pa kudungwa. Chembe zinapaswa kuisaka kila seli mbovu na kuziacha zilizo nzima. Hilo ni fumbo la baiolojia, na ufundi wa redio, hata uwe hodari vipi, haulifumbui.

Wengine hudai tiba hii ilifichwa na kampuni za dawa. Kitu gani kilichofichwa, ikiwa matokeo yalichapishwa na televisheni za Marekani zikamtangaza? Kilichokosekana ni ushahidi kwamba binadamu anapona. Kanzius alifariki Februari 2009, akiwa na miaka 64, kabla mtambo wake haujaruhusiwa kutibu watu. Kwa hiyo, msomaji, ukiuziwa leo kifaa cha mawimbi kinachodaiwa kuponya saratani, muulize muuzaji kilipimwa na nani na matokeo yamechapishwa wapi. Naye daktari wako usimwache.