Tupande Nini Kwenye Makingo?



Kila masika inapokaribia, ofisi yetu hupokea barua kutoka sharikani, na nyingi huandikwa kwa namna moja: "Tunaomba majani ya kuzuia mmomonyoko." Ni majani gani? Hapo barua hunyamaza. Tumeona vema kueleza katika toleo hili kwa nini jina la mmea lina uzito kuliko idadi ya vipando.

Mkazi wa Lushoto hahitaji kufundishwa mmomonyoko ni nini. Shamba lililolimwa mtelemkoni likabaki wazi, mvua za Machi hulikuta halijashikwa na kitu. Maji ya Soni yakigeuka mekundu, ujue ni udongo wa juu, wenye mboji, unaoteremkia Mombo.

Jambo hili si geni kwetu. Kuanzia mwaka 1946, hapo Mlalo, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha wananchi kulima matuta ya kukinga maji. Asiyelima alitozwa faini. Kazi ilikuwa nzito, ilielemea hasa akina mama, na mavuno hayakulipa jasho lile. Watu wakapinga, na kabla ya Uhuru mpango ukaachwa. Mwaka 1981 ulikuja mradi wa SECAP, kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani. Huu ulikwenda njia nyingine: makingo yapandwe majani ambayo ng'ombe atakula, pamoja na miti kama mgrivea. Mkulima alipata sababu ya kuyatunza makingo nyumbani kwake.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kamati ni hili: katika kaya hii, nani atayala majani hayo?

Kama kaya ina ng'ombe wa maziwa bandani, majani ya tembo (wengine huita mabingobingo) hutoa malisho mengi na huchipua upesi baada ya kukatwa. Lakini yana tamaa. Mizizi yake hunyonya maji na rutuba ya mistari ya mahindi iliyo jirani, na mwenye kishamba kidogo hulalamika kwa haki. Gwatemala ni mtulivu zaidi: hushika kingo vizuri na hubaki kijani kiangazi majani mengine yanapokauka. Kasoro yake ni kwamba lishe yake ni hafifu, na ukiikata mara kwa mara na karibu mno na ardhi hudhoofika, kingo ikabaki na mapengo. Maji hupita penye pengo.

Mmea tunaoupendekeza zaidi, na ambao huombwa mara chache, ni desmodiamu. Ni wa jamii ya maharage, hutambaa, na huifunika ardhi kabisa kati ya mashina ya majani mengine. Huongeza naitrojeni kwenye udongo, na ng'ombe huupenda. Ile ya majani yenye baka la rangi ya fedha hustahimili ubaridi wa milimani. Tatizo ni miezi ya mwanzo: hukua polepole, na usipopaliliwa humezwa na magugu. Sisi wenyewe tulikosea katika usharika mmoja. Tuligawa mbegu, tukapiga picha, tukaondoka. Tuliporudi tulikuta magugu matupu. Mbegu ni ghali, hivyo ni heri kuanza na kitalu kidogo cha usharika, kisha kugawana vipande vya marando.

Kwa kaya isiyo na mifugo, kuipelekea majani ya ng'ombe ni kuipa kazi bila ujira. Huko marando ya viazi vitamu au maboga hufunika udongo na kuleta chakula, ingawa wakati wa kuchimba viazi udongo hufunuka tena. Visichimbwe mtelemko mzima kwa siku moja. Kwenye makorongo na kando ya barabara, ambako hakuna mwenye kutunza, vetiva yafaa: mizizi yake huzama mita 2 hadi 3, na mifugo haiyapendi majani yake yaliyokomaa.

Hali ya hewa nayo izingatiwe. Upande wa Bumbuli hupata mvua nyingi kuliko Mtae. Kinachostawi kule si lazima kistawi huku.

Kwa wafadhili wetu: mtaona katika taarifa zijazo kwamba hatutaji tena idadi ya vipando vilivyogawanywa peke yake. Tutataja urefu wa makingo yaliyo bado yamefunikwa baada ya kiangazi kimoja. Takwimu hiyo itakuwa ndogo kuliko mlizozoea kusoma.

Kamati ziandike katika maombi yao: kaya ngapi zina ng'ombe, ngapi hazina, shamba liko upande gani wa mlima, na nani atapalilia. Barua zifike ofisini kabla ya mwisho wa Januari, ili vipando vikatwe na kusafirishwa mvua zikianza.