Kueleza Spishi Mpya kwa Kiswahili: Mfano wa Phlogis kibalensis wa Uganda

Makala haya yanachunguza iwapo Kiswahili kinaweza kubeba maelezo ya kwanza ya kiumbe ambacho sayansi haikuwa imekitambua. Mfano uliotumika ni Phlogis kibalensis, mdudu wa msituni aliyepewa jina mwaka 2022 na mtaalamu wa wadudu kutoka Uingereza, Alvin Helden, baada ya kukusanywa katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale, magharibi mwa Uganda. Kabla yake, mdudu wa jenasi hiyo alikuwa ameripotiwa mara ya mwisho mwaka 1969, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Tatizo la kwanza ni jina la kundi zima, yaani familia ya Cicadellidae. Anayemwita mdudu huyu panzi anapotosha. Panzi hutafuna jani, ilhali huyu hulitoboa na kufyonza utomvu, na nasaba yake iko karibu na nyenze. Tofauti hiyo si ya wanazuoni peke yao. Cicadulina mbila, wa familia hiyohiyo, hueneza virusi vya milia ya mahindi. Mkulima akiambiwa kuwa ugonjwa umeletwa na panzi, atapambana na mdudu asiyehusika. Hapa tunamwita mrukajani, hadi litakapopatikana jina bora.

Je, kanuni zinaruhusu? Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, ambazo toleo lake la nne lilianza kutumika mwaka 2000, zinataka jina liandikwe kwa herufi za Kilatini na liambatane na maelezo yanayoitenga spishi na nyingine. Hazitaji Kiingereza kuwa sharti. Zaidi ya hayo, Pendekezo la 13B linahimiza maelezo yatolewe kwa lugha zinazotumika sana kimataifa katika zoolojia, na pia kwa lugha za eneo anakotoka mnyama. Kwa Kibale, Kitooro kina haki ya kutangulia. Kiswahili kinafuata kama lugha ya kanda. Lakini pendekezo si amri, na waandishi wengi hulipita bila kugeuka.

Jina lenyewe halina ugumu kwetu. Kiambishi -ensis humaanisha ‘wa mahali fulani’, nacho hupatana kijinsia na jina la jenasi; kama jenasi ingekuwa ya jinsia isiyo ya kiume wala ya kike, tungepata kibalense. Anayesema mti mrefu na kiti kirefu hahitaji kuelezwa zaidi.

Istilahi ya sampuli moja inayobeba jina la spishi ina utata zaidi. Wapo watakaopenda sampuli mama, kwa mfano wa lugha mama na kampuni mama. Hata hivyo, kwa warukajani sampuli hiyo mara nyingi huwa dume, na sampuli mama dume ingewachekesha wanafunzi. Tunapendelea sampuli rejea.

Sababu ya kuteua dume ndiyo inayotufikisha kwenye kikwazo halisi, yaani tafsida. Spishi nyingi za warukajani hufanana kwa nje kiasi kwamba hutenganishwa kwa viungo vya uzazi vya dume. Mtafiti hukata fumbatio, hulichemsha katika magadi makali ili nyama laini iyeyuke, kisha huchora kilichobaki akiwa kwenye hadubini. Mwandishi wa Kiswahili, kwa adabu aliyolelewa nayo, huandika sehemu za siri na kuishia hapo. Adabu hiyo inafaa barazani. Katika maelezo ya spishi inafuta ushahidi wote, maana kisichotajwa hakiwezi kulinganishwa. Tunashauri uume uitwe uume, na kila sehemu yake ipewe jina kutokana na umbo: shina, ncha, mwiba, bawa.

Kwa msingi huo, sifa kuu za mdudu wa Kibale zingesomeka hivi: mwili una mng’ao wa metali na vishimo vidogo, viungo vya uzazi vya dume vina sehemu yenye umbo la jani. Neno pekee humo linalonuka ukopaji wa karibuni ni metali.