Chemchemi za Taveta na Ziwa Chala

Msomaji wa Taveta ameniletea swali lenye jibu tumboni: maji ya chemchemi za Njoro Kubwa si yanatoka Ziwa Chala? Ukitazama ramani utamwona ana haki. Chala limo ndani ya shimo la volkano, mpakani mwa Kenya na Tanzania, chini ya Kilimanjaro. Chemchemi ziko bondeni zaidi. Ziwa halina mto wa kudumu unaoingia wala unaotoka, na bado maji yake ni matamu. Lingekuwa limezibwa kote, jua la nyanda zile lingeshaligeuza Magadi ya pili. Basi linavuja. Linavujia wapi?

Mzunguko wa maji tulifundishwa shuleni, tuuruke. Tunataka alama ya kutambulisha maji, popote yalipopita. Kloridi ingefaa, ila hutoka hata vyooni. Alama bora ni ile iliyoumbwa ndani ya maji yenyewe. Katika kila molekuli 500 hivi za maji, moja hubeba oksijeni nzito, na jumla ya uzani wake ni 20 badala ya 18. Chache zaidi hubeba hidrojeni nzito. Hizo zina uzani wa 19. (Wataalamu huziita isotopu. Mimi nitaziita molekuli zenye mzigo.)

Hapa ndipo utamu ulipo. Fikiria feri ya Likoni ikitia nanga. Abiria mikono mitupu wanaruka kwanza, wenye mizigo wanabaki nyuma, na kadiri watu wanavyoshuka ndivyo feri inavyojaa wachukuzi. Ziwa linalopigwa na jua liko hivyo hivyo. Lakini kushuka kuna hatua mbili. Ya kwanza ni kujibandua kwenye umati, na hapo mwenye hidrojeni nzito ndiye anayetaabika hasa, kwa sababu hidrojeni ndiyo inayoshikana mikono na majirani. Ya pili ni kupenya ujia mwembamba wa hewa iliyotulia juu ya maji, na huko hakuna kushikana: kinachohesabika ni uzani tu. Wa 20 anaachwa nyuma na wa 19. Mawinguni, ambako hewa imeshiba unyevu, abiria hupanda na kushuka kwa wingi uleule, hivyo hatua ya kwanza pekee ndiyo inayoonekana. Kwenye hewa kavu ya Taveta ujia nao unadai chake.

Matokeo yake yanapendeza mno kwenye grafu. Mwaka 1961 Harmon Craig alionyesha kwamba mvua na mito ya dunia hujipanga karibu na mstari mmoja: hidrojeni nzito ikibadilika kwa 8, oksijeni nzito hubadilika kwa 1. Maji yaliyoachwa juani huuacha mstari huo na kufuata njia iliyolala zaidi, kati ya 4 na 6 badala ya 8. Yakishazama ardhini, mbali na jua, hubaki na alama hiyo.

Mwaka 1970 B. R. Payne alichapisha uchunguzi wake wa Chala, uliotumia isotopu hizi pamoja na tritiamu, hidrojeni yenye mionzi ambayo hupungua kwa nusu kila miaka 12 na ushei. Maji ya ziwa yalikuwa na alama ya jua. Ya chemchemi hayakuwa nayo kwa kiasi ambacho kingeonekana kama ziwa ndilo mama yao. Sehemu ya ziwa katika maji hayo ni ndogo. Kilichobaki ni maji ya ardhini yaliyolipita ziwa pembeni. Mchanganyiko hubadilika kwa miaka, ndiyo, lakini jibu kuu ni hilo.

Kwa hiyo, msomaji wangu, anayehofia kwamba Njoro Kubwa itakauka aangalie kwanza visima vinavyochimbwa na msitu wa mlimani, ambako mvua hunyesha kwa wingi, kabla ya kugombana na mwenye pampu Chala. Ukitaka kisima chako kipimwe, jaza chupa hadi mdomoni, usiache hewa, kaza kifuniko barabara. Chupa iliyolegea ikichomwa na jua njiani, maabara itaapa kwamba maji umeyachota ziwani.