Karoti zako hazioti? Usikimbilie kulaumu mbegu

Huenda umewahi kununua pakiti ya mbegu za karoti, ukazipanda nyuma ya nyumba, kisha ukangoja wiki mbili bila kuona hata jani moja. Bila shaka ulisema mwenye duka alikuuzia mbegu mbovu. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Mbegu nyingi za karoti hufa kwa kiu kabla ya kutokeza juu ya ardhi.

Jambo hili lahusu afya ya jamii yako. Karoti ina wingi wa karotini, ile rangi ya manjano iliyoiva ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hiyo huhitajika na macho, ngozi na kinga ya mwili. Mtoto anayeikosa huanza kwa kushindwa kuona vizuri giza linapoingia. Hali ikiendelea, sehemu ya mbele ya jicho hukauka, hupata vidonda, na mtoto anaweza kupofuka. Surua pia humlemea zaidi kuliko mwenzake aliyelishwa vyema.

Kwa nini karoti hukawia? Maharagwe huota kwa siku chache, lakini mbegu ya karoti huchukua kati ya wiki moja na tatu. Mmea mchanga ulio ndani ya mbegu huwa bado haujakua vya kutosha hata mbegu inapokomaa. Ni lazima ukue humo ndani kwanza, ndipo upasue ganda. Kazi hiyo yahitaji unyevu usiokatika. Na kwa kuwa mbegu ni ndogo mno, haiwezi kufukiwa chini sana. Hukaa kwenye udongo wa juu, ambao ndio hukauka kwanza jua likiwaka. Mbegu ikishaanza kuchipuka kisha ikakauka, imekufa.

Kabla ya kupanda, pima mbegu zako, hasa kama pakiti imekaa muda mrefu. Mbegu za karoti hupoteza nguvu baada ya miaka mitatu hivi, na hata mapema zikihifadhiwa mahali penye joto na unyevu. Chukua mbegu 20, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, na ukiweke ndani ya nyumba. Kitazame kila siku kwa wiki mbili. Zikichipuka 12 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikichipuka chini ya tano, nunua nyingine.

Sasa tengeneza udongo. Lima hadi kina cha sentimita 30, vunja mabonge na utoe mawe. Usitie samadi mbichi, kwani hufanya karoti zigawanyike kama vidole. Tumia mboji iliyooza vizuri. Kama huna shamba, ndoo kuukuu au gunia lenye udongo wa kina hicho latosha, mradi utoboe matundu chini ili maji yasituame. Aina ya Chantenay, ambayo ni fupi na nene, hufaa kwa ndoo na kwa udongo mzito. Nantes ni ndefu kidogo na hutaka udongo laini.

Mwagilia udongo kabla ya kupanda, si baadaye tu. Chora mifereji yenye kina cha sentimita moja, ikiachana kwa sentimita 20 hadi 30. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane mahali pamoja, uzinyunyize, kisha uzifunike kwa udongo laini au mboji iliyochekechwa. Usipande kitaluni ili uhamishe miche baadaye, kwani mzizi ukisumbuliwa hupindika.

Baada ya hapo, funika tuta lote kwa gunia la katani lililoloweshwa. Gunia huzuia jua kukausha udongo, na huzuia matone makubwa ya mvua kuugandisha kama sakafu. Mwagilia polepole juu ya gunia asubuhi na jioni. Kuanzia siku ya sita, linyanyue kila siku utazame. Ukiona miche ya kwanza, liondoe jioni ile ile. Ukichelewa, miche itarefuka, ipauke na kuanguka.

Miche ikifika urefu wa kidole, ipunguze ibaki umbali wa sentimita tano. Baada ya miezi mitatu hivi utavuna. Wakazi wa Nairobi, Nakuru na Eldoret wana hali ya hewa inayofaa. Walio Mombasa na Kisumu wapande wakati wa mvua na watie kivuli, kwa maana joto kali huzuia mbegu kuota.

Jihadhari na mambo matatu. Kwanza, usimwagilie kwa maji ya mtaro wala ya choo, kwani karoti huliwa mbichi na maji hayo hubeba viini vya kipindupindu, homa ya matumbo na mayai ya minyoo. Pili, usipande palipokuwa gereji au palipotupwa betri za magari, kwani udongo huo unaweza kuwa na madini ya risasi yanayodhuru ubongo wa mtoto. Tatu, mbegu zilizotiwa rangi zimepakwa dawa. Ziweke mbali na watoto na unawe mikono baada ya kupanda.

Unapopika, kumbuka kwamba mwili hufyonza karotini vizuri zaidi ikiwa karoti imepikwa na kutiwa mafuta kidogo. Usitegemee karoti pekee. Sukuma wiki, mchicha, embe na viazi vitamu vya rangi ya karoti hutoa lishe hiyo hiyo.

Hata hivyo, karoti si dawa ya kila ugonjwa wa macho, wala haimwondolei miwani anayeihitaji. Mtoto wako akianza kujikwaa jioni, usingoje mavuno. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Na kama ana umri wa kati ya miezi sita na miaka mitano, hakikisha anapata matone ya vitamini A kliniki kila baada ya miezi sita.